Joto la Upande wa Abiria

Shemeji yangu hutengeneza friji za watu, na gari lake mwenyewe lilikuwa tanuri. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu yeye akisimulia habari hii huanzia mbali, anapitia injini, anapitia bomba la moshi, na kabla hajafika kwa dada yangu wasikilizaji wameshaaga. Mimi sina subira hiyo. Kazi yangu ni kupiga pasi katika duka la dobi, siku nzima nimesimama kwenye mvuke, na nikirudi nyumbani nataka mambo yanyooke.

Mtaani wanamwita Barafu. Ni mwembamba, mpole, ana vidole virefu vyenye makovu ya kazi, na akiletewa friji huinamisha kichwa kwanza na kuisikiliza, kama daktari wa watoto. Wateja wanampenda kwa sababu hana uongo. Friji ikifa atakuambia imekufa, tena kwa sauti ya kukupa pole. Mimi na yeye ni watani tangu alipomwoa dada. Nimeshamwita kila jina ninalolijua, naye hunitazama tu akatabasamu, jambo linaloniudhi kuliko kama angenijibu.

Gari lenyewe ni la michezo, la zamani, la viti viwili, refu mbele na fupi nyuma, na liko chini kiasi kwamba ukiingia unaona umeketi sakafuni. Alilinunua kabla hajaoa, likiwa halina hata taa, akalifufua kipande kwa kipande mpaka likawa kama lilivyotoka kiwandani. Dada husema siku aliyokuja kuposa hakujua amkubali mwanamume au alikubali gari, akaona asijisumbue, akachukua vyote viwili. Hawakujaliwa watoto. Kila Jumapili alasiri, kwa miaka ishirini na tatu, walitoka wakapanda barabara ya mlimani mpaka penye mnara wa simu, wakakaa kidogo, wakarudi. Hawakuwa na shughuli yoyote kule juu. Niliwahi kumuuliza dada huwa wanaongea nini, akaniambia hawaongei sana.

Kisha dada akaugua. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule wa polepole, usio na haraka ya kuua wala nia ya kuondoka. Daktari alitueleza kwamba adui wake mkubwa ni joto. Mwili ukipata moto kidogo tu, macho yanaingia ukungu, mikono inalegea, ulimi unakuwa mzito. Akipozwa, anarudi. Nikahamia kwao nisaidie, tukapanga maisha upya: feni mbili, mapazia mazito, kazi zote asubuhi. Barafu akamwekea friji ndogo kando ya kitanda, ya taulo zilizoloweshwa tu. Tukajikaza kisabuni, na karibu kila kitu kikawezekana.

Kilichoshindikana ni gari. Ndani ya magari yale ya zamani umekaa karibu ubavuni mwa injini, na Jumapili moja walifika kona ya tatu tu ya mlima. Nilikuwa naanika nguo nikasikia wanarudi mapema. Barafu alimtoa amembeba mikononi, kichwa cha dada kimelala begani, na dada alipotaka kuniambia kitu maneno yalimtoka kama ya mlevi. Nusu saa chini ya feni akawa mzima, akacheka, akasema yuko sawa. Lakini Barafu hakucheka. Gari likafunikwa turubai, likakaa hivyo miezi minne.

Jioni moja tukiwa mezani akatangaza, bila kumwangalia mtu, kwamba kuna daktari wa meno mmoja ambaye ana hamu na lile gari miaka mingi. Amempigia. Atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kulichukua, isipokuwa yeye Barafu awe ameweza kulipoza kabla ya siku hiyo.

"Gari la watu wawili siwezi kulipanda peke yangu," alisema. "Likikaa pale uani nalitazama, naona nimemwacha mtu njiani."

Dada aliinuka akakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Nilimfuata jikoni, nikamkuta amefungulia maji na hayaoshi kitu. Nilidhani analilia gari, nikaanza kumwambia gari ni chuma tu, akanikatiza. Alisema hajali chuma. Anachoogopa ni kwamba nyumba hii imeanza kufunga vitu kwa ajili yake. Leo gari, kesho mlango wa mbele, keshokutwa watu watakuja kumtembelea kitandani huku wananong'ona. Hiyo safari ya kwenda kukaa bure chini ya mnara ndiyo kitu pekee anachokifanya ambacho si cha mgonjwa. Nikafunga bomba.

Basi Barafu akaingia kazini, na kazi yake aliifanya kama fundi friji, kwa sababu hiyo ndiyo akili aliyo nayo. Friji ni sanduku. Joto liko nje, baridi iko ndani, na kazi ya fundi ni kuhakikisha havionani. Kwa hiyo aliligeuza gari kuwa sanduku. Alianza kwa kutafuta matundu. Adhuhuri moja alilifunika gari lote kwa mablanketi yetu, hata langu, akawasha taa ya umeme kwenye injini, akajifungia ndani gizani kutafuta mahali mwanga unapopenya. Baadaye kidogo akamwita dada aje aone. Nilisimama uani nikisikia sauti zao chini ya mablanketi, yeye akihesabu, dada akimwonyesha, "na lile pale, na lile." Walihesabu matundu kumi na tisa. Walitoka wote wawili wamelowa jasho, nywele zimesimama, wakicheka kama watu waliofumaniwa. Taulo mbili zilizoloweshwa zilimtosha dada. Nilimgombeza shemeji mpaka nikachoka, naye akatabasamu.

Matundu yote aliyaziba. Milangoni akaweka mpira wa milango ya friji. Alifunika bomba la moshi kwa kitambaa kisichoungua, akang'oa zulia, akatandika sakafu na ukuta wa injini kwa sponji nene yenye karatasi ya kung'aa, akarudisha zulia juu yake. Kila jioni aliendesha peke yake mpaka kona ya tatu, vipimajoto vyake vinne vya kazini vimebandikwa kwenye kuta, akarudi na kuandika kwenye daftari. Kuta zikapoa. Alituonyesha kwa furaha. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anashuka mle ndani amelowa kuliko alivyolowa kabla ya kuanza kazi. Kuta zimepoa na hewa inawaka, na hakuweza kuelewa. Akaongeza sponji. Hewa ikazidi kuwaka.

Mara tatu, mbele yangu, alimuuliza dada ile siku ya mwisho joto lilimpata wapi hasa, mgongoni au miguuni au usoni. Mara zote tatu dada alijibu, "Kote tu. Niko sawa."

Niwaambie kuhusu neno hilo. Dada yangu amelitumia maisha yake yote. Alivunjika mkono utotoni akaja nyumbani akasema yuko sawa. Ni mtu mwema kuliko mimi, lakini kwa jambo hilo moja ningeweza kumtikisa mabega.

Siku tatu kabla ya Jumamosi, asubuhi, nilikuwa namsaidia kuoga. Kwa kawaida miguu huosha mwenyewe, amenipa mgongo. Siku hiyo sabuni ilimponyoka, nikainama kuiokota, nikaona kovu kwenye ugoko wa mguu wa kushoto. Lilikuwa jeusi, refu kama kidole, limeshapona. Nilimuuliza amefanya nini. Akasema maji ya chai yalimwagika.

Nimepiga pasi miaka kumi na saba. Nina alama zangu, na nimewafunga bandeji wenzangu kazini mara nyingi. Maji yakikumwagikia yanatiririka, yanakuacha na ramani. Kovu lile lilikuwa na ukingo ulionyooka kama rula. Huyu alikuwa ameegemea chuma cha moto, tena kwa muda mrefu, na mtu mzima hawezi kuegemea chuma cha moto kwa muda mrefu. Nikamwambia hivyo hivyo. Alijimwagia maji mpaka ndoo ikaisha, kisha akaniambia.

Ilikuwa ile Jumapili ya mwisho, ndani ya gari. Hakusikia kitu. Aliona ngozi imebabuka alipovua soksi nyumbani. Hakusikia kwa sababu mguu huo, kuanzia goti kwenda chini, hausikii tena. Ulianza mwaka jana. Anautupa mbele, unafika, anausimamia, basi. Daktari anajua. Barafu hajui.

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hasira zilinipanda, si kidogo, nikamuuliza kwa nini anamficha mtu anayezunguka gari wiki tatu kama kipofu akitafuta kitu ambacho yeye anacho kwenye ugoko.

"Wewe hujamwona anavyoisikiliza friji," alisema dada. "Kile kichwa anavyokiinamisha. Akijua mguu umekufa, na mimi atanisikiliza hivyo. Mimi nataka anitazame kama mkewe."

Hasira zikaniishia. Nilimvika nguo, nikamfunga na vifungo ambavyo huwa anavifunga mwenyewe. Lakini sikumwachia. Nilimwambia kovu litaonekana leo, ama kwa mkono wake ama kwa mdomo wangu, na anajua siri kwangu haikai. Tukabishana hadi tukafikia nusu kwa nusu: atamwonyesha kovu, mguu ataunyamazia.

Barafu alikuwa amelala chali chini ya gari. Dada alisimama karibu na miguu yake akamwita, na alipotoka, akapandisha gauni mpaka gotini. Alisema ilimchoma siku ile na hakutaka kumtia wasiwasi.

"Ulijikaza," alisema Barafu. Alimtazama usoni muda mrefu kuliko alivyolitazama kovu, mpaka dada akashusha gauni.

"Nilijikaza."

Hakuuliza zaidi. Alizunguka upande wa abiria, akafungua mlango, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya dashibodi pale ambapo mguu wa kushoto wa abiria hukaa. Akaniomba niwashe injini. Baada ya muda akautoa mkono ghafla, akabandika kipimajoto mahali pake, na sote watatu tukainama kukitazama kikipanda, hamsini, sitini, kikavuka sabini.

"Hita," alisema.

Kwa wasiojua, na mimi sikujua: magari yale yalitengenezwa na watu wa nchi za baridi. Maji yanayotoka kwenye injini yakichemka hupitishwa kwenye kisanduku cha chuma ndani, miguuni pa abiria, ili abiria apate joto. Kuna kijiti cha kufungua na kufunga. Hapa kwetu nani anatafuta joto? Barafu alipolifufua gari alikirudisha kisanduku kwa heshima tu, kwa kuwa kilikuwemo, akakipiga kijiti rangi, akakiweka kwenye kufunga, na hakukigusa tena. Valvu yake, ile koki ya kuzuia maji, ilishika kutu ikiwa nusu wazi. Miaka yote ile maji ya moto yalikuwa yanapita miguuni pa dada yangu, na wao wakisema leo jua kali. Angalau zamani joto lilikuwa linatoroka kwenye yale matundu kumi na tisa. Shemeji yangu alikuwa ameyaziba yote kwa mikono yake, vizuri sana, na mpira wa friji juu.

Alikaa chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha. Fundi wa friji miaka thelathini, alisema, amefunga mlango na jiko liko ndani. Nilikuwa na utani mzuri tayari mdomoni. Kisha nikaona anafuta macho kwa kiganja kilekile chenye grisi, nikaumeza. Alimshika dada kifundo cha ule mguu na kumwomba radhi, si mara moja. Dada akamwambia yuko sawa.

Dawa yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko chai ya asubuhi. Alikata mrija wa shaba kutoka kwenye mabaki ya friji, akaupinda kama kibanio cha nywele, akaunganisha mpira wa maji yanayoingia na mpira wa yanayotoka, ili maji yageukie hukohuko kwenye injini. Kisanduku akakitoa kabisa. Akafungua pia tundu moja la mbele, la kuingiza upepo, ambalo kwa bidii zake alikuwa ameliziba pamoja na mengine. Nilimshauri ampigie daktari wa meno asije. Akakataa. Alisema vipimajoto vilimdanganya wiki tatu, safari hii atapima kwa mtu. Jumamosi saa tisa watapanda mpaka kwenye mnara. Dada akirudi na macho yake, gari linabaki. Akirudi amebebwa, funguo zinakwenda saa kumi kama alivyoahidi.

Jumamosi saa tisa kasorobo nilimkabidhi dada chupa ya maji baridi na taulo tatu. Alikuwa amevaa gauni la kijani na miwani ya jua. Barafu alimfungulia mlango, akamshika kiwiko kama afanyavyo siku zote, na dada akakitoa kiwiko kwa upole kama afanyavyo siku zote, akajishusha mwenyewe. Nililisikiliza gari mpaka mlio ukapotea.

Kwenda na kurudi ni dakika hamsini. Saa kumi kasoro dakika kumi sikuwasikia. Saa kumi kamili mlango ulibishwa, nikakimbia, nikamkuta daktari wa meno, amevaa tai, na mkononi ana glavu za kuendeshea. Nilimkaribisha sebuleni. Ni mtu mstaarabu, wa watu, lakini siku hiyo nilimchukia mpaka soksi zake. Alinieleza habari za magari ya aina ile, yalitengenezwa mangapi, yamebaki mangapi. Mimi nilikuwa naiona barabara ya mlimani. Nilimwona dada kichwa kimelala, Barafu amesimamisha gari kwenye kona, taulo zote tatu zimeshakauka. Ilipofika saa kumi na nusu daktari aliuliza kama kuna tatizo. Nilimwambia hakuna, wako sawa, na nikajisikia nikisema neno lile.

Saa kumi na moja kasorobo tulisikia gari. Nilitoka barazani bila viatu, daktari nyuma yangu. Liliingia uani polepole likasimama, vioo vyote vimefunguliwa. Dada alikuwa amekaa wima. Alivua miwani, akatutazama, na kutoka pale alipokuwa, hatua kama kumi na tano, alisema kwa sauti nyepesi kabisa, "Daktari, umenenepa."

Nilishika nguzo. Macho yalikuwa yake. Ulimi ulikuwa wake. Taulo zilikuwa zimekunjwa mapajani vilevile nilivyozikunja; kumbe walikuwa wamekaa tu kule juu.

Barafu alizunguka akafungua mlango wake. Safari hii hakumshika kiwiko. Alisimama tu pembeni, mikono imening'inia, na kumuuliza kama amshike au amwache.

Dada alimtazama, akatutazama sisi wawili barazani, kisha akamtazama tena yeye.

"Nishike," alisema. "Huu wa kushoto siusikii. Tangu mwaka jana."

"Najua," alisema Barafu. "Kiatu chako cha kushoto kinaisha mbele, unapoburuta. Nimekibadilisha soli mara mbili."

Dada aliziba mdomo kwa mkono. Miaka yote ya kumtania mtu yule, na sikuwahi kumwona akitoka na kiatu cha mke wake mfukoni, wala akikirudisha mahali pake kabla hajaamka. Hakuwa ameinamisha kichwa hata kidogo. Alipitisha mkono mmoja mgongoni kwake na mwingine chini ya lile goti, akasubiri mpaka dada alipokuwa tayari.

Niligeuka kumwambia daktari wa meno kwamba gari haliuzwi. Alikuwa ameshavua glavu zake na kuzitia mfukoni.